Siku kanisa lilipohama Kiruna

Kinyonga angelipita kanisa lile bila kuhema. Tarehe 19 Agosti 2025 nilisimama kando ya barabara mjini Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, zaidi ya kilomita 100 ndani ya Aktiki, kikombe cha kahawa kikinipolea mkononi, nikitazama jengo la mbao la tani 672 likija upande wetu. Mwendo wake, likikazana, ulikuwa nusu kilomita kwa saa. Barabara iliyokuwa na upana wa mita 9 ilipanuliwa ikawa mita 24 ili lipite. Chini yake kulikuwa na magurudumu mengi kuliko nilivyoweza kuyahesabu, na kando ya magurudumu walitembea wanaume wakiinama kila mara kuchungulia, kama mafundi wanaosikiliza injini ya lori la kuazima.

Safari ilikuwa ya kilomita 5, nayo ilichukua siku mbili. Televisheni ya taifa iliirusha moja kwa moja. Mfalme alikuja. Kabla halijang'oka, askofu na mchungaji walilibariki. Mama mmoja wa makamo aliyesimama karibu nami alikuwa akilia taratibu, hata hajifuti. Alibatizwa humo, akaniambia, na mama yake aliagwa humo. Sikujua niseme nini kwa Kiswidi. Kwetu ningesema "pole, mama" ikatosha, lakini Kiswidi hakina pole ya namna ile. Nikampa biskuti.

Nilipokuwa nikiandika haya nimegundua Kiswahili kimenitegea mtego, na mtego wenyewe naupenda. Neno *mchungaji* kwetu lina watu wawili ndani yake: anayechunga waumini na anayechunga mifugo. Siku ile Kiruna walikuwapo wote wawili. Wa kwanza alitangulia mbele ya kanisa, dunia nzima ikimwona. Wa pili alikuwa nyuma ya umati, na ndiye niliyemfuata huko.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana sitaki kujifanya malaika. Nimezaliwa Meatu, Tanzania, kwa Wasukuma wa ng'ombe wengi na maji machache. Nilikuja Luleå, huku huku kaskazini mwa Uswidi, kusomea uhandisi wa migodi, nikamaliza, nikapata kazi, nikabaki. Ugali wangu unatoka kwenye mashimo. Hivyo mtu akiniambia migodi yote ifungwe kesho, namuuliza simu aliyoshika imetengenezwa kwa nini.

Sasa, kanisa linahamaje, na kwa nini? Chini ya Kiruna kuna bamba la madini ya chuma lenye urefu wa kilomita 4 hivi na unene wa mita 80, limelala mshazari, na kadiri linavyozama ndivyo linavyoingia chini ya mji. Linashuka kilomita 2 au zaidi. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1900 kwa sababu ya bamba hilo. Hjalmar Lundbohm, meneja wa kwanza wa mgodi, alitaka uwe mji wa mfano, na kwa miaka mingi ulikuwa hivyo. Mwanzoni walichimba juu kwa juu. Kuanzia miaka ya 1960 kazi ikahamia chini ya ardhi, na leo ngazi kuu ya usafirishaji iko kwenye kina cha mita 1,365.

Njia wanayotumia kuchimba ni rahisi kueleza kwa mtu aliyekulia penye maghala. Chukua gunia la mahindi lililosimama, toboa chini, acha mahindi yatoke. Juu ya gunia panabonyea. Ndivyo ilivyo: unalipua madini kutoka chini, unayatoa, na mwamba wa juu unaachwa uporomoke kujaza nafasi. Ni njia salama kwa mchimbaji na nafuu kwa kampuni. Ila panapobonyea, hapa, ndipo watu walipojenga nyumba. Nyufa zilikuwa zinasogea kuelekea mjini mwaka hadi mwaka, na mwaka 2004 ikatangazwa rasmi kwamba mji utahama.

Kila usiku, kama saa saba na nusu hivi, wanalipua. Usiku wangu wa kwanza pale nililala nyumba ya wageni, na nilikuwa najua kabisa, kwa cheti na kwa kazi, kwamba baruti inakuja. Hata hivyo glasi ya maji ilipogongana na chupa kwenye meza nilikaa kitandani wima kama mtoto aliyesikia fisi. Wenyeji wanageuka upande wa pili wanaendelea kulala. Lakini tarehe 18 Mei 2020 hawakuendelea kulala: ardhi ndani ya mgodi ilijitikisa yenyewe kwa ukubwa wa 4.9, tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kusababishwa na uchimbaji nchini humo.

Nakiri kwamba uhamishaji wenyewe umefanywa kwa adabu. Nimeona mahali pengine watu wakipewa notisi na lori. Hapa kampuni ya mgodi, LKAB, ambayo ni mali ya serikali, inamlipa mwenye nyumba bei ya soko na asilimia 25 juu yake, au inampa nyumba nyingine. Kitovu kipya cha mji, kilomita 3 mashariki mwa kile cha zamani, kilifunguliwa Septemba 2022. Nyumba kadhaa za kihistoria zilinyanyuliwa zikapelekwa zima zima. Saa ya mnara wa ukumbi wa zamani wa mji ilihamishwa nayo. Wazee wanalalamika kwamba kodi za nyumba mpya ni kubwa na kwamba upepo wa uwanja mpya unakata masikio, na kwenye hilo la upepo nawaunga mkono. Na kazi haijaisha. Haukupita muda baada ya kanisa kutua, ikatangazwa kwamba watu wengine 6,000 watalazimika kuhama.

Jioni ya siku ya pili, kanisa likiwa limeshafika, mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa mjomba wake. Mwenzangu ni Msami, wa watu wa asili wa kaskazini hii. Mjomba ni mfugaji wa reni.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya jina. Kamusi zangu hazinisaidii kumtaja mnyama huyu. Wengine wanamwita kulungu wa kaskazini, lakini kulungu wetu akisikia atacheka, maana huyu ana pembe hadi majike, na kwato zake ni pana kama sahani za kahawa ili asizame kwenye theluji. Sisi Waswahili wachache wa Luleå tunasema *reni*, kutoka neno la Kiswidi, na nitaliacha hivyo.

Mzee alikuwa jikoni, ana miaka kama 70, mikono mikubwa, macho madogo. Kiswidi hakina shikamoo. Mtu mzima unamwita kwa jina lake la kwanza na dunia haitikisiki, lakini kichwa changu bado huinama chenyewe. Akanimiminia kahawa, akaweka mezani nyama kavu ya reni na kisu, akakata kipande chembamba, akakitupia kwenye kahawa yake. Nikafanya vilevile. Ina mafuta, ina chumvi, na baada ya dakika moja huelewi kwa nini ulikuwa unaweka sukari.

Ndipo nikaharibu. Nikamuuliza: "Unao reni wangapi?"

Mwenzangu alitazama dirishani. Mzee akatulia, kisha akauliza bila hasira, "Wewe benki una kiasi gani?"

Niliona aibu mara mbili. Moja ya mgeni, na nyingine ya mjukuu wa babu yangu. Maana kwetu Meatu nililelewa hivyo hivyo! Ng'ombe wa mtu hawaulizwi idadi, wala huwanyooshei kidole ukihesabu. Babu alipobanwa na bwana mifugo alijibu, "Wapo wa kumpa mgeni maziwa," na swali likaishia hapo. Nimesafiri nusu ya dunia, nimejifunza kupima kila kitu kwa tani na mita, nikasahau swali ambalo mtoto wa miaka sita wa kijijini kwetu asingethubutu kuliuliza. Nikamweleza mzee habari ya babu. Akacheka hadi akakohoa, na tangu hapo maongezi yakawa ya wafugaji wawili, ingawa mmoja wao ameacha.

Aligeuza risiti ya dukani, akachora. Eneo la ushirika wa wafugaji, ambao kwa Kiswidi unaitwa *sameby*, ni kama mshipi mrefu: upande wa magharibi milima inayopakana na Norwei, upande wa mashariki misitu ya chini. Uswidi ina shirika 51 za namna hiyo. Kiangazi reni wako milimani, penye upepo unaofukuza mbu, na hapo ndama hutiwa alama, mikato ya kisu kwenye masikio yote mawili, kila mwenye mifugo na mikato yake iliyosajiliwa. Alinichorea sikio, akakata kidogo hapa, pembe pale, akaniuliza babu alikuwa na mkato gani. Nilimchorea. Wetu ulikuwa mmoja tu, sikio la kushoto. Akasema ni mkato mzuri, unaonekana kwa mbali.

Majira ya baridi reni hushuka misituni. Wanachokula huko ni kitu cha kijivu kama sifongo kavu kilichotandaa ardhini, kinachokua milimita chache tu kwa mwaka. Ukikikanyaga kwa trekta leo, mjukuu wako ndiye atakayekiona kimerudi. Nilimweleza ngitili, kile kipande cha malisho ambacho Wasukuma hukifunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi kikiwa kikali. Akaelewa kabla sijamaliza. Msitu wa baridi ndio ngitili yake. Tofauti ni kwamba ngitili yetu inaonekana ukisimama mlangoni, na yake iko safari ya siku nyingi, na ili aifikie lazima avuke katikati ya mshipi.

Katikati ya mshipi ndipo ilipo Kiruna.

Akachora mstari mmoja juu ya mwingine. Reli, iliyofika Narvik pwani ya Norwei mwaka 1902 ili chuma kipate bandari isiyoganda. Mwaka 1915 reli ikaanza kutumia umeme, na umeme ukataka maji: bwawa la Suorva likajengwa ndani ya hifadhi ya taifa ambayo serikali yenyewe iliitangaza mwaka 1909, ikabidi wakate kipande cha hifadhi kukitoa nje ya mipaka. Ukuta ukaja kuinuliwa tena na tena, na kila ulipoinuliwa maji yalipanda yakafunika makazi na malisho ya Wasami ya kando ya ziwa. Kisha barabara kuu. Kisha uwanja wa ndege, mji, mji mpya, nyumba za likizo, pikipiki za theluji za watalii. Kila kimoja peke yake, mzee alisema, kilikuja na karatasi inayosema madhara yake ni madogo. Risiti ilikuwa imejaa. Kati ya mistari ilibaki nafasi ya upana wa kucha.

"Hapa," akaweka kucha.

Na hapo, kwa bahati ambayo si nzuri, ndipo palipo na Per Geijer, akiba nyingine ya madini. Tarehe 12 Januari 2023 LKAB ilitangaza kwamba kaskazini mwa mgodi wake kuna zaidi ya tani milioni moja za oksidi za madini adimu, yale yanayotengenezea sumaku za injini za magari ya umeme na za mitambo ya upepo. Wakati huo ilitajwa kuwa akiba kubwa kuliko zote zilizojulikana Ulaya. Vigogo wa Umoja wa Ulaya walikuwa Kiruna wiki hiyo hiyo, na sikumbuki kuona watu wazima wenye tai wakifurahia jiwe kiasi kile. Ulaya imechoka kuitegemea China kwa madini hayo, na Machi 2025 mradi ukaingizwa kwenye orodha ya miradi ya kimkakati ya Umoja huo. Ushirika wa Gabna, ambao njia yake ya kuhama inapita hapo, umesema wazi kwamba mgodi ukifunguliwa njia itakatika, na eneo lao litakuwa vipande viwili visivyokutana.

Kama mhandisi najua maswali yatakayofuata, maana nami nimeshawahi kuyauliza kwenye mikutano. Je, haiwezekani kuwajengea daraja? Kuwapakia wanyama kwenye malori? Kuwalisha chakula cha viwandani? Nikamwuliza yote. Malori wanayo tayari, baadhi ya misimu. Chakula cha punje wananunua tayari, kwa sababu nyingine: siku hizi katikati ya baridi inanyesha mvua. Mvua ikianguka juu ya theluji kisha ikaganda, inakuwa tabaka la barafu chini, na reni anapiga kwato hadi anachoka, ananusa chakula asichoweza kukifikia. Wasami wana jina la barafu hiyo, *čuohki*, na wana neno *guohtun*, linalotaja kwa pamoja malisho na uwezekano wa kuyapata chini ya theluji. Eneo linaweza kujaa malisho na *guohtun* isiwepo. Nimejaribu kuitafsiri nikashindwa. Mwaka wa barafu, mfugaji anahitaji njia za ziada, mchepuko, msitu wa akiba. Ndio mwaka ambao upana wa kucha hautoshi.

Yaani gari linalosifiwa kwamba litapunguza joto la dunia linataka sumaku, sumaku inataka mlima, na mlima umekaa juu ya njia ya mtu ambaye joto hilo hilo limeshamharibia theluji. Sisemi gari lisitengenezwe. Nasema bili imepelekwa mlango usiohusika.

Ukiangalia vizuri sheria ya fidia inavyofikiri, utaona inapenda vitu vilivyokaa. Nyumba ina kuta, ina hati, mtathmini anakuja na kompyuta yake, anapiga picha choo, anaongeza asilimia 25. Njia haina kuta. Mfugaji hulipwa kwa reni aliyegongwa na treni (na wanagongwa, kwa sababu theluji ikiwa nene reli iliyosafishwa ndiyo barabara nyepesi kwa mnyama), hulipwa gharama za kuwasha lori. Lakini njia yenyewe ukimuuliza mtathmini ina thamani gani, atakuuliza iko kwenye kiwanja namba ngapi.

Hili nalifahamu kutoka nyumbani pia, na si mimi tu. Oktoba 2021, kwa siku nane tu za tofauti, mahakama mbili zilisema jambo linalokaribiana. Tarehe 11 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba vibali vya mitambo 151 ya upepo huko Fosen, katikati ya nchi hiyo, vilivunja haki ya Wasami wanaofuga reni kuishi utamaduni wao. Tarehe 19 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru, Kenya, ilisema hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ekari 150,000 za malisho Marsabit, hazikupatikana kwa utaratibu wa kisheria. Mradi huo wa Turkana uliwahi kuwa na fedha za mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Norwei ndani yake. Na kote kuwili, siku hukumu ikisomwa, mapanga ya mitambo yalikuwa yanazunguka.

Mzee hakuwa na habari ya Turkana. Alinitaka nimwonyeshe kwenye simu. Akatazama picha ya ngamia chini ya mtambo wa upepo kwa muda mrefu, akarudisha simu. "Na wao hawaulizwi idadi?" akasema. Nikamwambia naamini hawaulizwi.

Nilimuuliza kama alikwenda kuangalia kanisa. Alikwenda. Alisimama nyuma. Kanisa lile, lililomalizika mwaka 1912, msanifu wake Gustaf Wickman alilipa umbo la *goahti*, hema la Wasami: paa linaloshuka toka kileleni hadi karibu na ardhi kila upande, jekundu, kama hema kubwa lililokusudiwa kukaa milele. Mzee alisema ni jengo zuri na alioa humo. Kisha akasema, akikata nyama, kwamba ameona hema likihamishwa kilomita 5 kwa siku mbili, barabara imetanuliwa, taa za barabarani zimeng'olewa, watu wanapiga makofi. Akameza. "Mimi naomba njia ya hema," akasema, "bila makofi."

Sikulijibu. Mpwa wake, ambaye mshahara wake na wangu unatoka mfuko mmoja, alikuwa ameshika kikombe kitupu muda mrefu. Ana kijana wake anayesomea ufundi umeme, na kazi ya kwanza itakuwa mgodini, hakuna ubishi, maana kazi nyingine iko wapi? Hilo linasahaulika na wanaokuja kupiga picha. Familia moja ina reni na ina zamu ya usiku chini ya ardhi, na anayekata njia na anayekatiwa njia wanakula Krismasi meza moja.

Mzee alinirudisha mjini mwenyewe kwa pikapu lake la zamani, kwenye usukani harufu ya mbwa. Ilikuwa saa nne usiku na mwanga bado uko, ule mwanga wa mwisho wa kiangazi ambao haujui uende wapi. Barabara inakwenda sambamba na reli, na kwa mbali tukaliona treni la chuma likija, linakwenda Narvik. Akaegesha pembeni, akazima injini. Nikadhani ni desturi. Mwenzangu akanong'ona kwamba hapana, anapenda tu kulitazama, tangu mtoto.

Mimi, kwa maradhi ya kazi, nikaanza kuhesabu mabehewa. Nikayahesabu kwa sauti bila kujijua, kwa Kiswahili, kidole kikigonga dirisha. Yalipita taratibu, mazito, kila moja na tani zake 100, na pikapu ikatetemeka hadi kwenye viti. Mzee alisubiri hadi mwanga mwekundu wa nyuma ukatoweka.

"Ngapi?" akauliza.

"Sitini na nane."

Akatikisa kichwa, akawasha gari.